Mshipi

Alhamisi huletwa sanduku la barafu
kutoka zahanati ya wanyama, ng'ambo ya mto
ambao watu wa Tartu huuita Mto Mama
na huuvuka kila siku bila kulifikiri jina.

Leo ni paka wa rangi tatu. Ott alimnasa
kwenye banda la kuni huko Supilinn,
ambako mitaa ina majina ya mboga:
Kiazi, Haragwe, Njegere,
na paka ana mbavu za kuhesabika.
Walipanga kumtoa kizazi tu.
Mimba waliijua kisu kilipokwisha ingia.

Mji wa mimba uko mezani kwangu,
mji mdogo wenye nyumba nne,
kila nyumba imefungwa mshipi mmoja mwekundu,
kingo zake kahawia kama chai iliyosahauliwa.
Ndani, mmoja mmoja, kama haragwe.

Miaka kumi na mbili, bado huduwaa.
Mwana alipoingia alikuta kuta.
Akala wa kwanza. Akala wa pili.
Akafika kwenye mshipa wa mama, akasita.
Huo hakuula.
Hapo akaweka kinywa:
sukari ina mlango wake,
taurini ina wake, na bawabu mkali,
mafuta hupenya kama jamaa asiyebisha hodi.
Damu mbili, jirani hivyo, hazijapata kuonana.
Ila pembeni, kwenye zile kingo za kahawia,
mama humwaga damu nzima nzima
mwana aimeze, apate chuma.

Nakata kipande, nakitia kwenye maji ya chumvi.
Dakika ya tano: kinavuta sukari.
Dakika ya kumi: kinavuta.
Hakijaambiwa kwamba hakuna wa kulishwa.
Dakika ya arobaini naandika namba
yenye desimali tatu, nazima taa.
Si kwamba kimeacha. Nimeacha mimi.

Jumamosi napita Mtaa wa Njegere.
Ott amemrudisha, ncha ya sikio imekatwa,
tumbo limenyolewa, na theluji haijaisha.
Nafungua kopo la dagaa, nasogea nyuma.

Anakula akinikazia macho.
Nahesabu bila kutaka: chuma, taurini, mafuta,
na chote leo kinaishia kwake.
Analiramba kopo hadi linateleza juu ya barafu,
linakuja, linagonga kiatu changu.