Idadi ya Wanakaya

Kidabaga, mwezi wa pili. Ukungu umelala barabarani
kama ng'ombe asiyetaka kuswagwa.
Tumeshuka kwenye lori la mbao, mimi na Helmi,
yeye wa Ufini, mimi wa Tukuyu,
viatu vyetu vimeshika udongo mmoja.

Chuoni Iringa tumefundishwa, muhula mzima,
namna ya kuvuka tamaduni.
Mwalimu alichora daraja ubaoni:
upande huu Helmi, upande ule "jamii",
na mimi, bila kuulizwa, nikawekwa upande ule.
Mwenyeji.

Kamwene, nikasema mlangoni. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi.
Mama Fausta akaitika, akaongeza maneno kumi,
kumi na tano, Kihehe kikiteremka kama maji ya mfereji,
nami nikabaki nimeshika neno langu moja
kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichoagizwa.
Kijana aliyekuwa anagema ulanzi akapaza sauti toka mianzini:
"Wageni wamekuja! Wawili!"
Nikageuka kumtafuta wa pili.

Jikoni, kwenye moto. Kijana akaitwa atafsiri.
Fomu ina kurasa sita.
Jina. Umri; hapo alicheka.
Swali la nne: idadi ya wanakaya.
"Saba," kijana akatafsiri.
Nikahesabu kwa macho: yeye mwenyewe,
mapacha wa marehemu dada yake, kichanga mgongoni.
Wanne.
Nikarudia swali kwa ule upole tuliofundishwa,
upole wenye kalamu mkononi.
Saba. Mgaya yuko Mafinga, anapasua mbao.
Betina yuko Dar, analea mtoto wa watu,
anatuma hela ya chumvi, na sauti, Jumapili.
"Na wa saba?"
Akaelekeza kidevu dirishani,
kwenye tuta lililoanza kuota majani.
"Mama yao. Yupo. Kwani ameenda wapi?"

Basi mimi nikaanza kusema.
Nikasema pole, nikasema tunaelewa,
nikasema ruzuku, afisa ustawi, hatua inayofuata,
nikayapanga maneno kama matofali
mpaka nisimwone tena.
Helmi hakusema kitu. Nilimwonea huruma:
mzungu wa watu, nikawaza, lugha imemshinda.
Kumbe amesogeza kigoda,
amenyoosha mkono kwenye ungo, anamenya njegere.
Maganda huku, punje kule.
Nyingine zilimponyoka, zikaviringika majivuni,
akaziokota, akazipuliza.
Dakika tano. Kumi. Moto ukawa unasema peke yake.
Mama Fausta akamtazama, akamsukumia ungo karibu zaidi,
kisha akaanza kutusimulia usiku ule wa dada yake,
taratibu, kwa Kiswahili,
Kiswahili kizuri kuliko changu.
Kijana wa ulanzi akarudi mianzini kwake.

Tukiteremka nilimuuliza Helmi: umejifunza wapi?
"Kwetu msiba ukiingia," alisema, "watu wanakuja,
wanakaa, wanakunywa kahawa, wanaondoka.
Kesho yake wanarudi."
"Hawasemi?"
"Waseme nini?"
Nikakumbuka kwetu: kilio huvuka bonde zima,
ngoma hupigwa, mtu huchezwa mpaka vumbi limtambue.
Anayekaa kimya msibani huulizwa ana nini na marehemu.
Sikumwambia hilo. Njia ilikuwa inateleza,
tukashikana mikono, si kwa mapenzi ya tamaduni,
kwa kuogopa kuanguka.

Mtihani ulikuja Juni. Swali la nne, jamani, tena la nne:
*Fafanua neno kaya. Alama mbili.*
Nikaandika ya kitabuni: watu waishio pamoja
na kula chungu kimoja.
Nikapata zote mbili.

Ile fomu iko kwenye faili, Iringa mjini.
Nilikuwa nimeandika 4, kwa wino.
Juu yake, siku ileile, ndani ya lori, mkono ukirushwa na mashimo,
nikaandika 7.
Msimamizi amezungushia duara jekundu,
na pembeni neno moja:
*Hakiki.*