Inchi Mbili

Mipira mitano nimeitoa tangu alfajiri:
mmoja kwa bisibisi, mmoja kwa kisu cha muhogo,
mitatu kwa matusi ambayo mama, pale barazani,
alijifanya hayasikii, akakohoa.

Migumu kama mikate ya juzi.
Ukiipinda inalia, ukiivuta inakatika,
na nusu inayobaki imeng'ang'ania bomba
kama mpangaji wa miezi sita asiyelipa.

Gari la viti viwili, jekundu hapo zamani,
pua ndefu, tumbo lagusa barabara.
Baba alilinunua kwa pesa za karafuu
mwaka ambao kila mtu Wete alinunua kitu:
huyu redio, yule mke wa pili,
yeye gari lisiloweza kubeba gunia la mchele.
Halijafika Konde hata siku moja bila kuchemka.
Tulilijua kwa mvuke kabla ya honi.

Mipira mipya ilikuja kwa meli kutoka Unguja,
Unguja ilitoka Dubai, Dubai sijui wapi.
Bandarini Mkoani karani akaunusa mmoja, akaugeuza:
"Ya nini hii, dada? Ya gesi?"
Nikalipa ushuru wa vitu nisivyovijua.
Kufungua furushi, wa juu mrefu, wa chini mwembamba,
na wa heta umepinda kushoto
ilhali gari langu, maskini, lapinda kulia.

Shaame wa vespa kaja kutazama,
mkononi kachori, mdomoni ushauri:
"Tia sabuni. Tia maji moto. Tia moyo."
Nikatia vyote. Wa heta tukaukata, tukauunga,
ukakaa kama mgeni asiyekaribishwa.

Na bado ule mmoja.

Inchi mbili tu, mfupi kama kidole gumba,
baina ya pampu na kichwa cha injini,
pahala ambapo aliyeunda gari hili
hakutaka mkono wa mtu ufike tena.
Mtaka cha uvunguni sharti ainame:
nimeinama, nimelala, nimejikunja,
nimevua pete, nimevua saa,
imebaki kuvua mbavu.
Kibanio kimegeuzia skrubu yake ukutani
kama mtoto aliyenuna.
Nakitazama kwa kioo cha wanja cha dada yangu Time,
na ndani ya kioo kulia ni kushoto,
kulegeza ni kukaza,
bisibisi inateleza, inanila kifundo.
Ngozi imebaki kule. Damu imebaki kule.
Haya, tumeshachanjiana, mie nalo.

Ikaadhiniwa adhuhuri. Ikaadhiniwa alasiri.
Saa kumi na robo ukatoka, vipande vitatu,
na haukutoka peke yake.
Umezungushwa tyubu ya baiskeli, raundi nne,
juu ya tyubu mshipi wa kuvulia,
chini ya tyubu kitambaa kilichopauka,
herufi chache zingali zasomeka:
…YA KINA MSHI…

Mama kateremka barazani, hakuvaa hata viatu.
Akakishika kile kitambaa cheusi cha grisi.
"Kumbe! Pembe ya kanga yangu.
Na mie mwaka mzima namlaani mbuzi wa Bi Mgeni."

Kwa hiyo hivyo ndivyo tulivyokwenda,
harusini, hospitali, skuli siku ya matokeo,
kwa tyubu ya baiskeli na pembe ya kanga,
na yeye usukani, shingo imenyooka, hasemi neno,
nasi nyuma ya mgongo wake tukimcheka.

Nikautia mpya. Ukaingia, sabuni ikisaidia.
Nikamimina maji, nikatia ile dawa ya kijani,
nikawasha. Likanguruma. Nikainama, pakavu.
Shaame akapiga makofi kwa mkono mmoja,
mwengine ungali na kachori, sijui ya ngapi.

Mpwa wangu Nassor, tumbo chini vumbini,
ndiye aliyeanza kuhesabu:
"Moja."
Tukanyamaza.
"Mbili."

Nikafuta mikono kwa gauni.
"Mama, ile kanga… mwenziwe ipo?"
"Ipo," akasema. "Na huikati."