Peponi Hakuna Viti

Ghorofa ya mwisho, juu ya taa na dhahabu yote,
watu wa Buenos Aires wanaiita Peponi.
Tiketi ni bei ya mikate miwili,
na Peponi hakuna viti.
Tunasimama saa tatu tumeegemea chuma,
mimi na Remedios na wale vijana wa chuo,
huku chini wenye makoti ya manyoya wanakohoa.
Sisi hatukohoi ovyo. Tunasubiri matarumbeta.

Basi, nianze na Ijumaa.
Huyo Larralde mnayemsifia,
mguu wake unafika sikioni, sikatai.
Unapanda kama mshale wa saa unaotafuta sita,
unakaa hapo,
na ukumbi unalipuka makofi
kama watu walioona basi likimkosakosa mtoto.
Lakini mikono? Mikono aliiacha wapi?
Alituletea vijiti viwili vya kuanikia soksi.
Kuinua mguu si kucheza. Ngazi pia hufika juu.

Na Iribarne, mjukuu wa mwoka mikate, kijana mzuri wa sura,
anaruka, jamani, anaruka mpaka unamsahau,
kisha anarudi duniani kama gunia la viazi.
Mimi hufumba macho mtu akiruka.
Remedios hunicheka: umelipa ili usione?
Nimelipa nisikie.
Kuruka ni kwa kila mwenye mapaja;
kwenye kutua ndiko kuna adabu.

Msiniulize nimesomea wapi.
Miaka thelathini na moja nilishona viatu vyao
kwenye karakana iliyo chini ya jukwaa:
satini, gundi, turubai, msumari mdogo kuliko punje ya mtama.
Nyuso zao nilizijua kwa mabango tu.
Miguu niliijua kama kinyozi ajuavyo vichogo.
Thelathini na sita, mwembamba, kidole gumba cha kushoto kimepinda,
ongeza kitambaa kisiginoni, usimwambie mtu:
huyo ni Graciana Olivetto.

Jumamosi Graciana alikuwa mama wa bibi harusi.
Miaka arobaini na tatu; wamempa kiti na shali.
Sehemu mbili nzima ameketi.
Karibu na mwisho anasimama, anavuka jukwaa,
hatua sita, labda saba,
anamrekebishia binti kola, anarudi.
Basi. Hakuna zaidi.
Lakini ile hatua ya nne, kabla kisigino hakijagusa mbao,
alisita, kama mtu aliyeacha maziwa jikoni,
na mimi nikaona jiko, nikaona maziwa,
nikaona nyumba nzima ambayo hawezi tena kuirudia.
Watu elfu mbili, hakuna aliyepiga makofi.
Nani apige makofi mama akivuka chumba?

"Hiyo si baleti," Remedios akasema kwenye ngazi,
"ni kutembea tu. Unalia kwa sababu mmezeeka pamoja."
Nilimjibu vibaya.
Hadi kituo cha basi hatukusemezana,
na mvua inanyesha, na yeye ndiye mwenye mwavuli.

Jumapili mchana nilikwenda peke yangu.
Larralde tena. Nilikuja na ulimi ulionolewa.
Sehemu ya pili, katikati ya mizunguko, utepe ukafunguka,
mguu ukateleza, goti likagonga mbao:
nilisikia mpaka Peponi.
Akainuka. Na alipoinuka
mikono ile, ile ya soksi,
ikapapasa hewa kutafuta kitu cha kushika,
ikakikosa, ikaendelea kutafuta
mpaka muziki ukaisha.
Baridi ikanishuka shingoni.

Utepe ule, nadhani, alishona kijana mpya,
karibu mno na mshono wa kisigino.
Mimi ningeuweka upana wa kidole mbele,
usingefunguka,
nami nisingeona lolote.

Jumanne nitapanda tena, magoti yakinitukana.
Nimemnunulia Remedios tiketi.
Nitamwambia kuhusu utepe.
Kuhusu mikono, bado sijaamua.