Mwenyewe wa Mferejini

Katika nyumba yetu ya Mkomani
palikuwa na mwenyewe, chooni, kwenye mfereji.
Ukiugusa kwa mkono wenye maji alikushika kidole,
akakutetemesha hadi kiwikoni, kisha akakuachia.
Nyanya, Mwana Eshe, alimfukizia ubani kila Alhamisi
na akatufundisha adabu zake:
vaa ndara za mpira, anza na bismillahi,
zungusha kwa kipande cha mti.
Sisi wajukuu tulioga kwa heshima.

Ndipo Lali Skanda akaja na punda wawili,
mmoja na mabomba ya plastiki, mmoja na roli za waya,
na nyuma ya sikio lake, kama kalamu ya karani,
kijiti chenye taa ndogo.
Akakigusisha mfereji. Kikawaka.
Akatutazama mmoja mmoja
kama daktari anayetafuta nani wa kuambiwa.

"Nishikie tochi."
Boriti za msana wa ndani babu alizihesabu kwa fahari,
kumi na tisa, za mkoko, zimepakwa nyekundu na nyeusi.
Ya saba ilikuwa na weusi mwingine, usio wa rangi,
urefu wa mkono wangu.
Juu yake waya wa zamani, wa kuvikwa kitambaa,
na kitambaa chenyewe kimebaki nyuzi nyuzi;
panya alikuwa amemaliza ya kwake.
Hapo uchi wake ulipolala
ndipo paipu ya maji ilipopita.

Nikaikumbuka harufu.
Miaka mingapi tukisema, jirani anaunguza samaki.

Nyuma ya kalenda ya mwaka wa arusi ya shangazi
Lali akachomoa msumari palipopaswa kuwa na fyuzi.
Babu aliupachika usiku uleule wa arusi:
giza limeingia, wageni wamejaa kiwanda,
feni zimekufa, wanja wa bi arusi unamchuruzika.
"Alipigiwa vigelegele," nyanya alisema,
"kuliko bwana arusi."
Na fyuzi haikukatika tena, miaka thelathini na minane.
"Ndio ubaya wake," Lali akasema.
"Fyuzi kazi yake ni kufa.
Huu haufi. Ungengoja nyumba itangulie."
Nyanya akaunyoshea mkono, akaufuta kwa ncha ya leso,
akauweka kidakani, ndani ya kikombe cha kauri.

Walizozana siku mbili kuhusu kuta.
Yeye alitaka kuchonga mifereji ya waya;
nyanya alisimama mbele ya zidaka, mikono ameitanua:
"Chokaa hii imesuguliwa ikang'aa
na watu ambao makaburi yao siyajui."
Mwishowe waya ukapita juu, sambamba na boriti,
kwa skrubu za shaba, maana kuta za tumbawe hunywa chumvi
na chuma hapa huoza kama boga.

Siku ya tano akapigilia fimbo kando ya kisima,
nyundo kwa nyundo, hadi ikazama yote,
akaifunga waya wa kijani na manjano.
"Umeme ukipotea njia," alisema,
"ushukie hapa, uzikwe."
Nyanya akaitikia Amin.

Alhamisi aliingia chooni bila ndara.
Akaweka kiganja kitupu kwenye mfereji.
Akangoja. Maji yakapita.
"Ameondoka," alisema,
na sikujua kama anashukuru au amefiwa.
Chetezo alikiwasha vilevile.

Usiku huo binamu yangu Aboud
akachomeka birika, pasi na friji pahala pamoja.
Tap! Giza, nyumba nzima.
Kisanduku kipya kilikuwa kimejizima chenyewe,
na sisi tukipapasa kutafuta mshumaa
tukamsikia nyanya akicheka peke yake ukumbini:
"Huyu mgeni ana haya.
Huondoka kabla hajakasirika."