Mashavu ya Dirisha

Saa nne usiku, Ganjoni, ghorofa ya tatu,
feni inakoroga joto lile lile la mchana
na mimi nabofya ukuta wa nyumba ya Kibokoni
ambayo mwenyewe anataka kuipangisha wageni.
Ukuta una matabaka matano. Nimeyapanga kwa unene:
chokaa ya nje, lipu, jiwe la matumbawe
lenye upana wa mkono wangu hadi kiwiko,
lipu tena, rangi.
Lile jiwe programu yaliita kiini,
kama cha yai.

Nguzo mpya imeingia ukutani ikakataa kuvaa.
Imesimama kijivu, zege tupu,
na lipu imefika ubavuni pake ikakatika
kama mtu aliyesahau alichokuja kusema.

Nafungua kisanduku cha mipangilio. Kinaniuliza:
penye mwanya, tabaka lizunguke?
La nje. La ndani. Yote mawili. Lisizunguke.
Swali la sekunde moja,
nami nimekaa nalo robo saa.

Najua utakalosema: leso. Utasema buibui,
utasema mtu wa Mombasa hawezi kufunika kitu
asimkumbuke mamake.
La. Mimi namkumbuka baba,
Bwanaheri wa Mlaleo, fundi wa lipu,
aliyekuwa na mwiko wa chuma
na mwiko mwingine wa kinywa:
hakutaja pesa mbele ya wanawe.

Ijumaa moja alitaja.
Mkandarasi wa Tudor alimlipa kuta kwa mita,
kama karatasi ilivyosema,
na karatasi ilisema ukuta unaishia dirishani.
Mashavu ya madirisha kumi na manne,
kule ndani ambako mwiko haugeuki,
ambako ubao wa kunyooshea haupiti, kiganja ndicho humaliza
na chokaa inakula ngozi ya vidole,
hayakuchorwa.
Kisichochorwa hakilipwi.
"Mwanangu," alisema, mikono imelowa mafuta ya nazi,
"bapa la ukuta hujisemea lenyewe. Pembe haina wakili."

Wahenga walituusia tuzibe ufa.
Hawakusema ujira wa kuuziba hupimwaje,
wala mlipaji ni nani.

Basi nabofya: yote mawili.
Lipu inakata kona, inazama ndani ya unene,
inakutana na fremu, inatulia.
Naigusa nguzo, naiambia wewe ni wa ukuta huu.
Inavaa.
Bila sauti. Baba angetaka kusikia ule mkwaruzo,
chuma juu ya mchanga, kisha maji, kisha chuma.
Ila chini kabisa, kwenye jedwali la vipimo,
namba inaruka:
mita za mraba thelathini na saba na ushei
ambazo magharibi hazikuwapo.

Asubuhi, simu. Injinia Kimeu, mahamri mdomoni:
"Swafiya, lipu yako imezidi."
"Haijazidi. Ilikuwapo."
"Tangu lini?"
Nataka kumjibu kwa mwaka, kwa mtaa,
kwa kucha za mtu mmoja zilizokuwa nyeupe hata siku ya Idi.
Nasema, "Nenda Kibokoni, ingiza mkono dirishani.
Hadi kiwiko. Halafu nipigie."

Anatafuna. Anameza.
Anauliza kama lile tabaka laweza kuzimwa,
kwa ajili ya zabuni tu, halafu tutaona.

Laweza. Ni kubofya mara moja.
Lakini kila tabaka lina jina, na hili nimelibatiza jana usiku
kabla sijazima taa.
Atakayetaka kulizima
itambidi kwanza alitafute kwenye orodha,
asome kwa jicho lake, herufi kwa herufi:
Bwanaheri.