Ufa wa Chumba cha Nyuma

Mara ya kwanza nilikwenda Jumapili, saa nane mchana.
Dalali alikuwa amekwisha fungua madirisha yote
na kuoka biskuti katika jiko lisilo lake.
Nyumba ya mawe, imebanwa na majirani kulia na kushoto
kama mtu mwembamba kwenye benchi la zahanati.
Vyumba viwili juu, viwili chini,
na choo kilichoongezwa nyuma miaka ya sabini
na watu waliokuwa na haraka.

"Ina haiba," alisema dalali.
Dada yangu Delyth, anayeendesha basi la Aberdare
na haamini neno lisilo na risiti,
alichomoa bisibisi mfukoni
akaidunga fremu ya dirisha.
Ikazama kama kwenye keki.
"Haiba yenyewe," alisema Delyth, "imelowa."

Tulipanda darini, tukahesabu vigae vilivyopasuka
kwa nukta za mwanga: kumi na moja.
Tukafungua mabomba yote kwa pamoja;
la juu likakohoa, la chini likalia.
Nikapiga magoti nikanusa zulia.
Nikaandika nyuma ya bahasha ya bili ya gesi:
paa, pauni elfu nne, labda sita;
nyaya, Mungu ndiye ajuaye;
unyevu, ukuta wa kaskazini, mpaka kiunoni.

Cha chumba cha nyuma sikuandika.
Huko kulikuwa na ufa.
Ulianzia pembeni mwa dirisha, ukashuka mshazari,
upana wake unameza sarafu.
Usipoziba ufa,
na mengine kila mtu anayajua.

Mara ya pili nilikwenda peke yangu, Jumanne usiku.
Niliegesha gari, nikazima taa.
Nilitaka kuuona mtaa ukiwa umevua viatu.
Saa tatu: vijana watatu, pikipiki moja, zamu kwa zamu.
Saa nne: mwanamume akimwita paka kwa jina la mwanamke.
Kisha taa zikazimika, moja, moja,
na chini ya ukimya nikausikia mto
ambao mchana haukusema lolote.

Kidole kikagonga kioo.
"Wewe ni mnunuzi wa kumi na tisa, au ni polisi?"
Bi Prosser, koti juu ya nguo ya kulala.
Alinijibu hata nisiyouliza:
mto uliwahi kuingia, ukaishia namba saba;
shule wanataka kuifunga, wanataka tangu mwaka juzi;
wale wa pikipiki ni wajukuu zake,
wakifanya upuuzi nimwambie yeye, si mama yao.
"Na chini yetu," alisema, akikanyaga lami kwa ndara,
"ni mashimo matupu. Makaa tuliyatoa, tukayachoma.
Idwal alikuwa mpimaji kule mgodini.
Rudi ukautazame ufa wake. Safari hii vaa miwani."

Mara ya tatu nilingoja mvua.
Nikaingia na tochi, nikapiga magoti ukutani.
Vistari vya penseli, vyembamba, vimenyooka,
vinakatiza ufa kama mishono,
na kando ya kila kimoja, tarehe.
1979. 1981. 1984, mwaka wa mgomo, umepanuka.
1986, umepanuka.
1990: *sawa.* 1999: *sawa.*
2011: *sawa*, mkono ukitetemeka.

Wengine hupima watoto kwenye mwimo wa mlango.
Yeye aliipima ardhi aliyoitoboa mwenyewe,
akaungoja mlima ukae.
Hakuuziba. Ufa uliozibwa
hauna cha kukuambia.

Delyth anasema penseli si cheti cha mhandisi.
Kweli. Mhandisi anakuja Ijumaa, pauni mia nne na sitini.
Nimekata elfu tisa kwenye bei, kwa ajili ya fremu,
na dalali hajatabasamu tangu jana.
Hakuna kilichotiwa saini.

Lakini asubuhi hii Bi Prosser ameniandikia,
sijui namba yangu aliipata wapi:
taka hutolewa Jumatano,
si Alhamisi kama watakavyokudanganya.