Tundu la Ukurasa wa Thelathini na Moja

Bi Ilonka Varady alikuja Jumanne, theluji bado i mabegani,
amekipakata kitabu ndani ya foronya
kama anayempeleka mtoto kwa daktari.
Nikamwambia, keti. Nikavaa glavu.
Hapa Cleveland, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu,
kazi yangu ni kutaja bei ya utoto wa watu.

*Mlinzi wa Tanuru*, toleo la tatu, mwaka arobaini na saba.
Senti kumi, yasema pembe ya jalada.
Jamaa wa chuma anatoka motoni
na wafanyakazi wawili, mmoja kila kwapa,
na ile nyekundu, jamani,
ile nyekundu haijapauka hata chembe.
Vinavyojulikana kusalia ni kumi na viwili.
Cha mwisho kuuzwa kilifika dola elfu arobaini.

Mimi huanza na mgongo. Kisha pini:
kutu kidogo, kama tone la chai.
Pembe kali. Karatasi rangi ya malai.
Nikanusa. Ndiyo, tunanusa;
unyevu wa ghala unaweza kulihadaa jicho, pua hauiwezi.
Hiki kilinukia sabuni ya kufulia.
Moyo ukaanza kupiga hesabu kabla ya kichwa.

Jani kwa jani, taratibu,
mpaka thelathini na moja.

Tundu.

La mstatili, kingo zimepinda kwa mkasi wa mtoto,
pale palipokuwa na kuponi.
Na upande wa pili wa jani, kwenye hadithi yenyewe,
Mlinzi anashikilia daraja lisianguke
naye hana miguu.

Nikaweka kalamu chini.
Zile elfu arobaini zikashuka ngazi mbilimbili
zikaja kukaa kwenye elfu tatu, zikihema.
Kizuri hakikosi ila, walisema waliotutangulia;
sisi tumeigeuza ila kuwa mshahara.

"Ni kaka yangu, Béla. Alikuwa na miaka tisa," akasema.
"Mkasi ulikuwa wa mama, wa kushonea.
Alichapwa kwa sababu ya mkasi. Kitabu hakuna aliyekiuliza."
Akatia mkono mkobani
akatoa lenzi, mpini wa plastiki ya kijani, una ufa.
"Hiki ndicho alichoagiza. Wiki sita alimvizia tarishi mlangoni.
Kilipofika akatazama kila kitu: sukari, sisimizi,
kucha za baba akiwa amelala,
vumbi la kiwanda lililotua kwenye shuka tulizoanika.
Alituambia vumbi lina pembe. Tukamcheka."

Baadaye Béla alikagua mabomba kule Lorain,
miaka thelathini na miwili, zamu ya usiku,
akitafuta nyufa.
Alizikwa Agosti.

Lenzi yangu ni ya Ujerumani, iligharimu mishahara miwili.
Sijui kwa nini niliiweka kando
nikaomba ile ya kijani.
Ilikuwa na ukungu ukingoni, lakini katikati palikuwa safi,
na ile nyekundu ikafunguka:
kumbe nukta, za waridi juu ya manjano,
zimebanana kama watu kwenye foleni ya mkate.

Kwenye kadi niliandika inavyopaswa:
*Kuponi imekatwa, uk. 31. Hadithi imeathirika.*
Nikamuuliza kama lenzi iende pamoja na kitabu;
wapo wanaopenda vitu vya aina hiyo, ingeongeza mia nane hivi.
Alinitazama kama nimemuuliza bei ya jicho.

Jumamosi, kura ya mia moja na kumi na nane.
Dalali wetu, Dwight Pruitt, alikuwa na mafua;
zabuni alizitaja kwa pua.
Mtu wa simu dhidi ya kijana mwenye kofia ya sufu.
Kijana akatikisa kichwa. Nyundo.
Elfu mbili mia nane na hamsini, kabla ya makato yetu.

Bi Ilonka alikunja hundi mara nne bila kuisoma,
akasimama mbele ya meza yangu, koti limefungwa mpaka kooni.
Nikadhani atauliza nani amenunua.
Aliuliza foronya yake iko wapi.